Mama Kontroli na Majaribio Yake

Sikumpenda mama huyu hata siku moja, na sitaanza leo kwa sababu tu nimeota mvi na watu wanataka mwenye mvi aseme mema. Nitamweleza nilivyomjua: kwanza kama sauti, kisha kama mtu. Sauti ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Miaka ya tisini simu za waya kwetu zilifika mijini tu, na hata huko zilikufa mvua ikinyesha. Kwa hiyo vituo vya afya, kuanzia kando ya ziwa mpaka karibu na mpaka wa Tanzania, viliunganishwa kwa redio zile za kuongea kwa zamu. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, unasikiliza. Kamati moja ya afya ndiyo iliyozigawa, na kila kituo kikapewa mtu wa kukaa nayo. Mimi nilikaa Kehancha. Akinyi alikaa Ndhiwa, Salim Kendu Bay, wengine Migori na kwenye zahanati ndogondogo. Katikati yetu sote, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kamati huko Homa Bay, alikaa yeye. Kazi yake ilikuwa kuchunga mtambo mzima: redio zote ziwe hai, na ujumbe ukitumwa ufike. Hewani aliitwa Kontroli. Sisi tuliongeza Mama, maana huwezi kumwita mwanamke wa umri ule jina tupu, hata kama moyoni unamwita mengine.

Kila asubuhi kabla hatujanywa chai alituita mmoja mmoja.

"Kehancha, ingia."

"Kehancha hapa. Habari ya asubuhi, Mama?"

"Sijauliza habari. Nimeuliza kama unanisikia."

"Nakusikia vizuri."

"Mimi sikusikii vizuri. Unatafuna nini?"

Kilikuwa kiazi kitamu. Na kwa kuwa sote tulitumia masafa mamoja, aibu yangu ilisikika Kendu Bay, Ndhiwa na Migori kwa wakati mmoja. Wiki nzima Akinyi alikuwa akinisalimia, "Bwana Kiazi, umeamkaje?" mpaka Mama Kontroli akamkatiza na kumwambia kwamba hewa si kibanda cha mboga.

Alikuwa na masikio ya ajabu, hilo silikatai. Angeweza kukusikiliza ukisema maneno mawili akakwambia betri yako inakufa, au kwamba kuna mtu amefungia mbuzi kwenye mlingoti wa antena. Mara ile ya mbuzi nilidhani ananitania. Nikatoka nje nikamkuta mbuzi wa mlinzi anauvuta waya kwa pembe. Niliporudi hakucheka, wala hakuniruhusu nicheke. Alisema tu, "Mtoe. Kisha uniambie umemtoa."

Alipenda kutuzuru bila kutangaza. Pikapu ya kamati ingesimama, naye angeteremka na sketi yake ndefu ya kahawia na mkoba wa turubai wenye koleo na nyaya. Angepanda ngazi mwenyewe mpaka juu ya paa kukagua viungo vya antena, sisi wanaume tukiwa chini tunaangalia miguu yetu kwa adabu. Chakula chetu hakukila. Alikuja na nyoyo yake kwenye mkebe, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa bila mafuta, akaila amesimama, akiitazama redio kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa. Mke wangu alimchinjia kuku mara moja. Mama Kontroli alishukuru, akasema hana muda, akaondoka. Mpaka leo mke wangu akimtaja hutaja na yule kuku.

Sheria yake nyingine ilikuwa ya lugha. Yeye mwenyewe alikuwa Mjaluo, lakini Akinyi akimsalimu muuguzi kwa Kijaluo hewani, angemkata katikati. "Kehancha anaelewa hiyo? Yule wa Migori ametoka Kakamega, yeye anaelewa? Rudia kwa Kiswahili." Mimi Mkuria ningepaswa kumshukuru kwa hilo. Sikumshukuru, kwa sababu wiki hiyohiyo alinigombeza kwa neno la Kikuria nililomwambia mlinzi nikiwa nimesahau kidole juu ya kitufe.

Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba huwezi kumweka mahali pamoja ukamchukia kwa utulivu. Salim wa Kendu Bay alimwomba ruhusa ya kuondoka redioni Ijumaa mchana kwenda kuswali. Alimjibu hewani, mbele yetu sote: "Mgonjwa hawezi kukungoja utoke msikitini." Tulikasirika hata sisi Wakristo. Ijumaa iliyofuata, wakati wa swala, aliita vituo vyote isipokuwa Kendu Bay. Na ile iliyofuata vilevile. Baadaye mtu wa kamati alipolalamika kwamba Kendu Bay huwa kimya saa hiyo, yeye alisema ujumbe wa Kendu Bay unapokewa Homa Bay na kazi haijalala. Hakumwambia Salim kitu. Salim naye hakumsamehe. "Angenipa kwa mdomo mzuri ningemwombea dua," aliniambia. "Amenipa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa."

Sasa nieleze majaribio, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Yalianza na yule bwana wa Migori. Kila asubuhi alijibu vizuri kabisa: "Migori hapa, nakupata vizuri, ova." Maneno yaleyale, sauti ileile. Lakini vitu vilivyoombwa kupitia kwake havikufika, na daktari wa Migori alilalamika kwamba hapati ujumbe wowote. Mama Kontroli alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Asubuhi moja akaita kama kawaida: "Migori, nyumba yako inaungua moto."

"Migori hapa, nakupata vizuri, ova."

Akinyi alicheka mpaka akabonyeza kitufe bila kujua, na sote tukamsikia. Kumbe kipaza sauti cha Migori, kile cha kusikilizia, kilikuwa kimekufa zamani. Yule bwana aliogopa kusema asije akalaumiwa kwa kukiharibu, kwa hiyo alikuwa akiangalia saa ya ukutani na kujibu hewa tupu zamu yake ikifika.

Mama Kontroli hakucheka. "Huyu anaitika tu," alisema. "Hasikii. Na mimi nimekuwa nikimhesabu kama mzima." Sauti yake siku hiyo ilikuwa na hofu, na mimi sikuwa nimewahi kuisikia hofu yake. Nadhani kuanzia hapo hakumwamini tena mtu aliyesema "nimepokea".

Basi akaanza kutuma ujumbe wa uongo. Hakututangazia. Mwanzoni ulikuwa mdogo: Kehancha pelekeni katoni ya glavu Migori, Ndhiwa mwambieni daktari apige ripoti ya chanjo. Kisha anafuatilia kuona kama kweli limefanyika. Likifanyika anasema, "Lilikuwa jaribio." Lisipofanyika utasikia jina la kituo chako likisuguliwa hewani mpaka ling'ae. Baadaye glavu hazikumtosha. Akaingia kwenye wagonjwa.

Kwetu ilikuwa basi. Alisema basi limepinduka upande wa Isebania, watu wengi wameumia, tuandae vitanda. Daktari wetu alikuwa kijana mwenye bidii. Aliwatoa wagonjwa waliokuwa na nafuu, jamaa zao wakaburuta magodoro mpaka varandani. Hata mzee mmoja mkulima wa tumbaku, aliyelazwa kwa kichomi, alibebwa na mwanawe kwenye baiskeli kurudi nyumbani. Tukasimama mlangoni na bandeji mikononi, tukitazama barabara. Mchana wote haukuja hata mkokoteni.

Jua likielekea kushuka redio ikaita. "Kehancha, jaribio limekwisha. Mmechukua muda mrefu kuandaa."

Nilibonyeza kitufe kwa hasira. "Mama, kuna mzee tumemtoa kitandani!"

"Mrudishe."

"Ameenda kwao! Anakohoa damu huyo!"

"Basi mfuateni. Na useme ova ukimaliza."

Tulimfuata. Mzee alirudi, akapona, lakini mwanawe hakunisalimia tena sokoni. Nilimwambia Mama Kontroli siku iliyofuata kwamba siku moja atalia mbwa mwitu kama yule mchungaji mwongo wa hadithi, na hatutamsikia. Alinijibu, "Ukisikia, enda. Si kazi yako kuchagua."

Na ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Dereva wa gari la wagonjwa la Ndhiwa alitumwa Rodi kumchukua mtoto aliyeungua, akakuta hakuna mtoto. Akatumwa tena upande wa mtoni, akakuta ng'ombe wanakunywa maji. Aliapa mbele ya Akinyi kwamba hatawasha gari tena kwa sauti ya mama yule mpaka asikie mtu mwingine akithibitisha. Akinyi alinisimulia hewani kwa mafumbo, tukacheka.

Kisha ikaja ile siku ya soko.

Kulikuwa na zahanati moja ndogo kati ya Ndhiwa na Homa Bay ambayo redio yake ilikuwa dhaifu. Ndhiwa hawakuweza kuisikia vizuri, kwa hiyo muuguzi wa huko alizungumza na Homa Bay, na Mama Kontroli ndiye aliyepeleka neno mbele. Mchana huo nilikuwa nimekaa nasikiliza. Sauti yake ikaingia, kavu kama siku zote: "Ndhiwa, Ndhiwa. Kuna mama amejifungua zahanati, damu haikatiki. Gari itoke saa hii."

"Nimepokea," Akinyi alijibu. Nilisikia kicheko kidogo mwishoni mwa neno lile. Sote tuliokuwa kwenye masafa tulidhani tunajua ni nini: jaribio jingine.

Baada ya muda akaita tena. "Ndhiwa, gari imetoka?"

"Dereva anakula, Mama. Akimaliza."

"Atoke saa hii! Unanisikia? Atoke!"

Alipiga kelele, ndiyo. Lakini yeye alipiga kelele hata kwa ajili ya glavu. Angetumia sauti gani mpya ili Akinyi ajue kwamba leo ni kweli? Zote alikuwa amezimaliza.

Halafu, katikati ya mikwaruzo, ikaja sauti nyembamba ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya muuguzi wa zahanati mwenyewe, ambaye redio yake kwa kawaida haikutufikia. Sijui hewa ilifunguka vipi. Alikuwa analia, akituita "yawa", yaani jamani kwa Kijaluo. "Yawa, leteni gari. Yawa, huyu mama anakwisha."

Akinyi akabonyeza kitufe, na kabla hajasema neno nikasikia kiti chake kikianguka.

Gari lilifika. Mtoto, msichana, alikuwa amefungwa kwenye leso ya muuguzi na alikuwa mzima. Mama yake alikuwa ameshafunikwa.

Kamati ilituita Homa Bay. Mama Kontroli alisimama akiwa amenyooka, sketi ileile. "Nilituma ujumbe," alisema. "Ndhiwa ilisema imepokea. Nikarudia. Ndhiwa ikasema dereva anakula." Akakaa. Kila neno lilikuwa kweli. Akinyi aliulizwa kama ana la kusema, akafungua mdomo, akaanza kulia, akaufunga. Mimi nilisimama bila kuitwa, nikawaambia juu ya basi la Isebania, mtoto wa Rodi na ng'ombe wa mtoni. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole, kisha akasema majaribio yameleta nidhamu na tusichanganye mambo. Nilimtazama Mama Kontroli. Alikuwa anatazama dirisha. Akinyi alifutwa siku hiyo. Dereva alihamishwa.

Majaribio yalikoma. Hakutangaza kuyaacha, kama ambavyo hakutangaza kuyaanza. Asubuhi iliyofuata aliita, "Ndhiwa, ingia," na sauti ya kijana mgeni ikajibu.  Mama Kontroli akaendelea, "Migori, ingia."

Sisi tuliobaki tulimwadhibu kwa njia tuliyoweza. Tulijibu alichouliza, hatukuongeza hata silabi. Tulisalimiana wenyewe kwa wenyewe kwa sauti kubwa, tukaulizana habari za watoto na mvua, na yeye tukamruka. Salim ndiye aliyeendelea muda mrefu kuliko wote. Mama Kontroli hakutukemea tena. Alituacha tuongee, na alipotaka kituo alingoja tumalize.

Alistaafu kabla ya muongo kwisha. Aliyemrithi alikuwa bwana mcheshi, anajua majina yetu, anauliza habari za wake zetu. Aliita asubuhi tu, na si kila asubuhi. Katika mwaka mmoja Kendu Bay ikanyamaza, kisha zahanati moja baada ya nyingine, na hakuna aliyegundua mpaka mtu aende kwa miguu. Hilo linaniudhi kulieleza, kwa sababu linamtetea yule mama.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa hivi. Nilikwenda Ndhiwa kwa mazishi, nikampitia Akinyi sokoni. Alikuwa anauza mitumba, amekonda, macho yaleyale. Tulizungumza, tukacheka kidogo, kisha bibi mmoja akapita akimshika mkono msichana mdogo. Akinyi alimsalimu. Bibi alimgeuzia uso, akamvuta mtoto.

"Ni yule mtoto," Akinyi aliniambia. "Na yule ni nyanya yake, mama mkwe wa marehemu. Kwao wanasema nililala juu ya ujumbe. Hapa sokoni pia wanasema." Alikunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama Kontroli amejenga karibu na hao watu. Nataka kwenda kwake na sitaki kwenda peke yangu."

Tulienda. Nyumba ilikuwa ya mabati, ndogo, safi. Alitufungulia mwenyewe, ameshika fimbo, nyonga imemharibikia. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Ingieni," alisema, kana kwamba alikuwa akitungoja. Alitumiminia chai. Mimi nilikunywa. Akinyi hakugusa kikombe.

"Nimekuja kwa jambo moja," Akinyi alisema. "Kule kwa marehemu, ni nani aliwaambia kwamba nililala juu ya ujumbe?"

"Sikutumia maneno hayo. Lakini ni mimi. Nilienda matanga."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba ujumbe ulifika Ndhiwa, na Ndhiwa ikachelewa. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi."

"Na majaribio? Uliwaambia kuhusu majaribio?"

Mama Kontroli aliisogeza fimbo yake kutoka goti moja hadi lingine. "Hawakuuliza."

"Wangeuliza vipi kitu hawajui?"

Nilitegemea apandishe sauti. Aliishusha. "Yule wa Migori aliyekuwa akiitika bila kusikia, angeua watu wangapi kama nisingemjaribu?"

"Sijui," Akinyi alisema. "Mimi namjua mmoja."

 Nje kuku walikuwa wanaparua. Akinyi alisimama, akajifunga leso vizuri kiunoni. "Naenda huko sasa hivi. Nitawaambia yote, na yangu pia. Nitawaambia nilicheka. Wewe kaa na mguu wako."

Tulitoka tukashika njia iliyokata katikati ya mashamba ya njugu. Hatukuwa tumefika mbali nikasikia fimbo nyuma yetu, ikigonga mawe, ikikwama, ikigonga tena. Niligeuka. Alikuwa anakuja bila kitambaa kichwani, kwa ndara, mkono mmoja ukishika nyonga. Nikapunguza mwendo. Akinyi akanishika kiwiko akanivuta.

"Njia si yangu," alisema. "Akitaka atafika."

Hatukumngoja.

Yule bibi alikuwa amekaa uani anabambua njugu kwenye ungo, mtoto kando yake. Akinyi alimsalimu kwa Kijaluo, na nilikuwa nimejifunza Kijaluo cha kutosha kufuata. Hakukaribishwa kukaa. Alisema amesimama hivyohivyo, mikono nyuma kama mtoto wa shule: kicheko chake, dereva aliyekuwa anakula, muuguzi aliyelia. Kisha akaanza kueleza kwamba kabla ya siku ile kulikuwa na ujumbe mwingi wa uongo, na bibi akaacha kubambua.

Fimbo ilikoma penye ua wa minyaa. Bibi alinyanyua macho akatazama juu ya bega la Akinyi.

"Yule namjua," alisema. "Alikuja matanga. Alizungumza vizuri."

"Ndiyo, mama," Akinyi alisema. "Lakini hakumaliza."

Bibi alimtazama Mama Kontroli kwa muda, mwanamke yule mwenye jasho usoni, anayehema, anayeushikilia ua wa minyaa asianguke. Kulikuwa na kigoda kitupu kando ya ungo. Bibi alikiburuta akakiweka nyuma yake mwenyewe, asikikalie mtu, kisha akanyoosha kidole kwenye ardhi mbele ya miguu yake.

"Basi na asimame hapa," alisema, "amalize."